Somo Letu: Fedha ya Msimu, Chakula cha Mwaka

Ndugu Wanachama,

Karafuu hutupa fedha kwa msimu, lakini tumbo hudai kila siku. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilikula kwa daftari la dukani hata deni likanishinda. Nikaikodisha mikarafuu yangu kabla karafuu hazijapevuka, na mavuno akachuma mwingine. Lisitupate tena jambo hili.

Tuseme, baada ya kuwalipa wachumaji na kutoa mahitaji mengine, umebakiwa na Sh. 3,600,000 za chakula. Zigawe kwa miezi 12. Kila mwezi una Sh. 300,000.

Kwanza, mwezi ukiandama, nunua kwa pamoja mchele, unga, sukari na mafuta, visizidi Sh. 180,000.

Pili, Sh. 120,000 zilizobaki ni za kitoweo na vitu vidogo. Kwa siku 30, ni Sh. 4,000 kila siku.

Tatu, kaa na mkeo muandike kila kinachonunuliwa. Yeye ndiye ajuaye mchele uliobaki guniani.

Nne, fedha ya siku ikipungua, chimbeni muhogo shambani wala msikope. Ikizidi, iwekeni kwa ajili ya Ramadhani.

Kumbukeni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Anayemaliza fedha ya msimu mkubwa kwa israfu, msimu mdogo humkuta mikono mitupu, na mwenye duka yuko mlangoni.

Jaribuni mwezi huu, kisha leteni hesabu zenu mkutanoni tusaidiane.

Wassalaam,
Katibu wenu