Kompyuta Kuukuu, Linux Nyepesi: Uweke Kivinjari Gani?

Umeitoa Windows kwenye kompyuta mpakato ya zamani, umeweka Linux nyepesi, mashine inawaka chapuchapu na wewe unajiona fundi. Kisha unafungua kivinjari. Feni inavuma kama mashine ya kusaga, kipanya kinaganda. Kabla hujaulaumu mfumo, soma haya.

1. Mjue mlafi ni nani. Mashine ikishawaka, kabla hujafungua chochote, andika free -h kwenye terminali. Yangu ina RAM ya GB 2 na inatumia antiX, moja ya Linux nyepesi. Hapo huwa haijala hata MB 300. Sasa fungua Firefox, vichupo vitatu tu: barua pepe, gazeti na video ya YouTube. Andika tena. Zaidi ya GB 1 imeshakwenda! Kwa hiyo kuhamahama kutoka Linux hii kwenda ile ili kuokoa MB 50 ni kazi bure. Pa kubana ni kwenye kivinjari.

2. Wembamba usikudanganye. Dillo, kivinjari kilichoanza mwaka 1999, hufunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya. Naipenda, nakiri. Lakini haina JavaScript kabisa, na tovuti nyingi za leo bila JavaScript ni kuta tupu: Gmail haiendi, WhatsApp Web haiendi, huduma za benki usiziwazie. NetSurf, iliyozaliwa kwenye mfumo wa RISC OS mwaka 2002, inaijua JavaScript kidogo tu. Hivi viwili viweke pembeni kwa kusomea Wikipedia na miongozo mirefu. Ukimwekea mama yako Dillo iwe kivinjari chaguo-msingi, jiandae kupigiwa simu kila siku.

3. Angalia biti. Chrome iliachana na Linux ya biti 32 mwaka 2016. Firefox nayo ikafuata mwaka 2025: toleo la 144 ndilo la mwisho, kuanzia la 145 hakuna tena. Ila watu wengi wameweka mfumo wa biti 32 kwenye prosesa inayobeba biti 64, wakidhani ndio wepesi. Andika lscpu, kisha tazama mstari wa CPU op-mode(s). Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, una bahati: weka mfumo wa biti 64, uendelee kupata vivinjari vipya.

4. Kivinjari kilekile, kifungashio tofauti. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kwenye kifungashio cha Snap. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kuifungua mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine kunatosha kuchemsha chai. Linux Mint wao huifungasha kwa njia ya kawaida ya deb. Debian wana firefox-esr, ambayo hupata viraka vya usalama mara kwa mara lakini mabadiliko makubwa huyasubiri takriban mwaka mzima.

5. Chaguo langu ni hiyo Firefox ESR, pamoja na uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Hapa sina utani. Kinachoua mashine dhaifu mara nyingi si habari unayoisoma bali matangazo na vifuatiliaji vilivyoizunguka, na anayenunua bando anajua kila MB ina bei. Chrome ilikizima kiongezi hicho mwaka 2025 na kubaki na toleo lake lililopunguzwa makali. Firefox bado inakiruhusu kikiwa kamili. Chromium isakinishe kama akiba, kwa ile tovuti moja inayogoma kwingine.

6. Punguza vichupo, na usikisie. Andika about:processes kwenye upau wa anwani wa Firefox. Utaona kila kichupo na RAM inayokula, na alama ya kukifunga papo hapo. Ukitaka kulaza vichupo bila kuvifunga, nenda about:unloads.

7. Sasa kifanye kivinjari ulichochagua kiwe chaguo-msingi kweli. Kusakinisha hakutoshi; viungo vinaweza kuendelea kufungukia kivinjari cha zamani. Amri ni moja:

xdg-settings set default-web-browser firefox-esr.desktop

Halafu bonyeza kiungo ndani ya PDF uone kinafungukia wapi.

8. Kama RAM ni GB 1, tuambiane ukweli: hakuna kivinjari kamili kitakachokufurahisha. Fungua kifuniko cha chini, mara nyingi utakuta nafasi ya pili ya RAM iko wazi. Kabla hujaenda kununua, soma kilichoandikwa kwenye RAM iliyomo: DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3.