Vijana na Utunzaji wa Mazingira: Nani Anaongoza?



Siku ya kupanda miti hufanana katika maeneo mengi. Mgeni rasmi anapanda mti wa kwanza, picha inapigwa, vijana wanachimba mashimo na kubeba ndoo, kisha soda zinagawiwa. Ukirudi mwezi wa Oktoba unakuta vijiti vikavu. Vijana hulaumiwa kwa uvivu, ingawa hawakuulizwa upandwe mti gani, wapi, wala nani atawazuia mbuzi.

Mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu wa Gombe, alikutana Dar es Salaam na wanafunzi 12 waliosikitishwa na uharibifu waliouona katika maeneo yao. Hakuwapa mradi ulioandaliwa tayari. Waliachiwa wachague wenyewe la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Hapo ndipo ulipoanzia mpango wa Roots & Shoots, ambao umeenea katika nchi nyingi. Goodall alifariki Oktoba 2025, vikundi vinaendelea.

Kwa maeneo makavu kama Dodoma, kazi inayowafaa vijana ni kisiki hai. Mmisionari Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyefanya kazi nchini Niger, alihangaika kupanda miche na mingi ikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligundua kwamba vichaka alivyovipita kila siku vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, na mizizi yake ilikuwa ingali hai. Njia hiyo ilisaidia kurudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni 5 za mashamba ya Niger. Mkoani Dodoma, shirika la LEAD Foundation limeifundisha vijiji vingi kwa jina hilo hilo la Kisiki Hai.

Namna yake ni rahisi. Chagua kisiki chenye machipukizi. Acha machache yaliyonyooka na yenye afya, ondoa mengine. Pogolea matawi ya chini ya yale yaliyobaki, kisha funga kitambaa cha rangi ili kila apitaye ajue mti huo unatunzwa. Rudi kupogolea baada ya miezi kadhaa. Hakuna kitalu wala kumwagilia, kwa hiyo kikundi cha vijana kisicho na fedha kinaweza kuanza kesho asubuhi kwa panga kali tu.

Ugumu uko kwingine. Kijana wa miaka 20 kwa kawaida hana shamba. Akitunza kisiki kwenye shamba la baba mdogo, mti ukikua ni wa nani? Mwaka ukiwa mbaya, nani atazuia usikatwe kwa mkaa? Hapa ndipo wazee wa kanisa wanapohitajika, kwa sababu wanasikilizwa mahali ambapo kijana hasikilizwi. Zungumzeni na wenye mashamba kabla ya panga la kwanza, na makubaliano yaandikwe. Kwa upande wa mifugo, kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, basi vijana wenyewe wapeleke hoja huko. Mzee akiisema kwa niaba yao, itakuwa hoja ya mzee.

Jambo la fedha halipendwi kuzungumzwa. Kamati ikishika kila shilingi, vijana wanabaki vibarua. Wapeni kiasi kidogo, wawe na mweka hazina wao, msichana au mvulana, na wasome hesabu mbele ya watu. Wafadhili nao wasiulize tu miti mingapi imepandwa. Waulize mingapi iko hai baada ya kiangazi cha pili, nao wakubali kungoja jibu.

Maswali ya kujadili katika kikao kijacho: Katika kamati yetu kuna vijana wangapi wenye kura? Ni kisiki gani karibu na kanisa letu tunachokipita kila Jumapili? Nani ana shamba ambalo vijana wanaweza kuanzia, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuzungumza naye?