Wasifukazi na Msomaji Asiye Binadamu

Uandishi wa wasifukazi ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu tulizofunzwa tangu shule ya upili: maelezo ya kibinafsi, elimu, tajriba, uraibu na warejelewa. Tusichofunzwa ni kwamba msomaji wa kwanza wa utungo huo huenda asiwe binadamu. Mashirika mengi makubwa yanayopokea maombi ya kazi kupitia intaneti huyapitisha kwanza katika programu ya kompyuta inayoyachambua, kuyapanga na wakati mwingine kuyachuja kabla ya afisa yeyote kuyasoma. Makala haya yanalitazama suala hilo kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili, kwani kwa kiasi kikubwa ni suala la kiisimu.

Kwanza, programu hutoa matini kwenye faili. Hapa umbo lina athari. Wasifukazi uliopangwa kwa safu mbili huweza kusomwa kwa kuvuka safu, jina la chuo likaungana na nambari ya simu. Maelezo yaliyowekwa kwenye ukingo wa juu wa ukurasa huenda yakarukwa. Waraka uliopigwa picha kwa skana nao unaweza kuonekana kama karatasi tupu. Safu moja na vichwa vya kawaida vinatosha. Mapambo tuziachie kadi za harusi.

Kisha programu hulinganisha maneno ya mwombaji na yale ya tangazo. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Programu sahili hutafuta neno jinsi lilivyoandikwa. Zilizo bora zaidi hurejesha maneno kwenye mashina yake. Hata hivyo, mbinu mashuhuri ya kufanya hivyo kwa Kiingereza, iliyochapishwa na Martin Porter mwaka wa 1980, hukata viambishi tamati. Kiswahili hubeba mzigo mwingi mwanzoni mwa neno: mhariri, uhariri, nilihariri, tumehariri. Kukata tamati pekee hakuwezi kudhihirisha udugu wa maneno hayo. Kwa hivyo, aliyeandika "nilihariri jarida la chama" aweza kupitwa na programu inayotafuta "mhariri". Vivyo hivyo, mfasiri na mtafsiri kwetu ni visawe. Kwa mashine huenda wakawa watu wawili wasiojuana.

Suluhisho ni kutumia istilahi ya tangazo lenyewe, katika umbo lake na katika lugha yake, mradi ni ya kweli kwako. Tangazo likiwa la Kiingereza, kama yalivyo mengi nchini Kenya, jina la shahada liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, kwa ukamilifu na kwa kifupisho. Badala ya "nilishiriki shughuli za chama", andika: "Mhariri, jarida la chama cha Kiswahili, 2022–2024, nilihariri makala na kusahihisha nakala za mwisho." Tangu Umoja wa Afrika uidhinishe Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi mwaka wa 2022, tajriba ya namna hii haifai kufichwa nyuma ya kitenzi kimoja hafifu.

Wapo wanaonakili tangazo zima kwa herufi nyeupe ili mashine izione na binadamu asizione. Hila hiyo ni duni. Programu ikishatoa matini, rangi hupotea, na afisa huliona tangazo lake mwenyewe likiwa limebandikwa chini ya jina la mwombaji.