Kabla ya Porter, hesabu kikaango

Mnyororo wa thamani wa Michael Porter (1985) wengi wetu tunaukariri vizuri tu: kupokea malighafi, kuzalisha, kusambaza, kuuza, kuhudumia. Ukiulizwa foleni inaanzia hatua gani, kimya. Ndiyo maana kwenye kundi letu la kujisomea huwa naanzia kwa muuza chipsi.

Tuseme kumenya na kukata viazi vya sahani moja ni dakika 2, kukaanga chipsi mayai dakika 4, kufunga na kupokea hela dakika 1. Kikaango ni kimoja. Basi kwa saa zinatoka sahani 15, hata aweke vijana watatu wa kumenya. Viazi vitajaa ndooni tu. Mbele yako wapo 11, zamu yako inaiva dakika ya 48, na kipindi kinaanza baada ya 30. Unaondoka. Hapo ndipo hela inapompotea, siyo kwenye bei ya viazi vya Njombe anayoilalamikia kila siku.

Akiongeza kikaango cha pili zinatoka 30. Cha tatu ni hasara, maana sasa mmenyaji naye kafika mwisho wake. Wewe wa 12, sahani yako inaiva dakika ya 24.