Umeshiba, lakini je, mwili umepata protini?

HAIPITI wiki bila ya msichana kuja kwangu hapa Kongowea akilalamika uchovu na nywele kukatika. Wengi huomba sindano ya vitamini. Kwanza mimi hupima damu, maana uchovu wa wasichana mara nyingi hutokana na upungufu wa madini ya chuma. Kisha huuliza: "Mwanangu, jana ulikula nini?"

Jibu huwa karibu lile lile. Asubuhi chai ya rangi na mahamri mawili, mchana muhogo, usiku sima kwa mchicha. Tumbo limejaa, naye hajui kwamba mwili wake una deni.

Protini ina kitu ambacho wanga na mafuta havina, nacho ni naitrojeni. Katika kila gramu 100 za protini mna gramu 16 hivi za naitrojeni. Huingia kwa chakula na hutoka hasa kwa mkojo, na kidogo kwa choo, jasho, nywele na damu ya mwezi. Muuza nyanya wa soko la Kongowea ataielewa hesabu hii haraka kuliko wengi wetu. Mapato yakilingana na matumizi, mambo ni sawa. Matumizi yakizidi, unakula mtaji, na mtaji wenyewe ni misuli yako. Mafuta yana ghala yake mwilini, lakini protini haina.

Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alibuni njia ya kupima naitrojeni. Baadaye wataalamu waliwalisha watu chakula kilichopimwa, wakakusanya mkojo na choo chao siku baada ya siku. Kazi hiyo haipendezi, lakini faida yake ni kubwa. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo, ripoti ya WHO na FAO ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba mtu mzima, awe mke au mume, ahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Msichana wa kilo 50 ahitaji gramu 42 hivi.

Sasa tuhesabu chakula cha yule msichana. Unga wa mahindi gramu 200 wampa protini gramu 16, muhogo gramu 300 wampa 4 tu, na mahamri mawili labda 6. Hata tukiongeza mchicha, hafiki 30. Isitoshe, protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kiungo ambacho mwili hauwezi kujitengenezea.

Mbaazi zina laisini tele. Mbaazi kavu gramu 100, zikipikwa kwa nazi, zina protini gramu 20 hivi. Kunde na pojo hazipishani nazo sana. Ziongeze kwenye sima ile ile, na deni limelipwa bila ya kununua nyama. Wazee wetu waliokula mahamri kwa mbaazi hawakukosea. Siku ukipata dagaa au yai, ni heri zaidi. Unga wa protini wa makopo sioni haja yake.

Wale wanaojinyima chakula ili wapungue nawaonya zaidi. Mwili usipopata wanga na mafuta ya kutosha, huchoma protini badala yake. Ni kama kuvunja kitanda upate kuni. Hapo hata yai la kila siku halitakufaa sana.

Mjamzito katika miezi 3 ya mwisho huongeza gramu 31 kwa siku juu ya mahitaji yake ya kawaida, na anayenyonyesha huongeza 19 katika miezi 6 ya kwanza. Mama wakwe wanaomkataza mjamzito mayai, tafadhali mwacheni ale.

Mwenye maradhi ya figo asiifuate hesabu hii. Amwone daktari wake kwanza.