Mafunzo Niliyopata Nikisuka Wavu wa Mto Mathare

Kwa kawaida kompyuta hukadiria mafuriko kwa kutumia wavu: mto na kingo zake hugawanywa vipande vidogo, aghalabu pembetatu, na kila kipande kikahesabiwa kina na kasi ya maji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kusomba nyumba bondeni Mathare, Nairobi, nilianza kuusuka wa kwetu, kutoka Thika Road kuteremka Korogocho.

1. Vipimo vya bure vya mwinuko wa ardhi havikuuona mto. Vingi vilitokana na rada ya chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kipimo kimoja kila mita 30 hivi. Mto Mathare hauna upana huo sehemu nyingi. Tena rada hudundia juu ya paa, kwa hiyo mabati ya watu huhesabiwa kuwa ardhi. Itabidi ushuke ukapime, au utafute droni.

2. Anza na mistari, pembetatu zitafuata. Ukingo, ukuta wa ploti, tuta la barabara: hivi ndivyo vinavyoamua maji yaende wapi. Pembetatu ikiruka ukuta, kompyuta huona mteremko laini na kuyapitisha maji kana kwamba hakuna kizuizi. Programu ya bure kama Gmsh hujaza nafasi kati ya mistari kwa dakika chache, ikifuata kanuni aliyoitoa Mrusi Boris Delaunay mwaka 1934. Kujua mistari ipite wapi ndiyo kazi. Hapo mama mboga wa karibu na daraja alinifaa kuliko setilaiti: alinionyesha mtaro ambao maji huurudia kinyumenyume na kuingia kwa ploti kabla mto wenyewe haujafurika.

3. Pembetatu moja ndogo hulipisha zote. Katika maji ya kina cha mita 2, wimbi huenda takriban mita 4.4 kwa sekunde, na katika programu nyingi halifai kuvuka kipande kizima kwa hatua moja ya hesabu. Kipande cha mita 10 kinavumilia hatua ya sekunde 2. Cha nusu mita, sehemu ya kumi ya sekunde tu, na wavu wote hulazimika kumfuata huyo mdogo. Ukipunguza pande zote kwa nusu, kazi huongezeka mara nane. Wenzetu wanaosuka nyavu za bahari wana raha: kule kwenye kina kirefu pembetatu yaweza kuwa na upande wa kilomita nzima.

4. Ghorofa za mawe za mtaa wa Huruma naziacha kama mashimo kwenye wavu, maji yazizunguke. Nyumba za mabati hupitisha maji, hivyo hizo naziongezea msuguano tu.

5. Usikate wavu wadi inapoishia. Mto Nairobi ukijaa, huusukuma Mathare nyuma. Ukikata juu ya makutano yao, utalazimika kuiambia kompyuta kina cha maji pale, yaani kuipa jibu la swali unalouliza. Mpaka wangu niliusogeza hadi chini ya Dandora.