Mbwa Akiburuta Miguu ya Nyuma

Katika somo la mwezi huu tunazungumza juu ya mbwa. Pengine mtauliza: mbwa ameingiaje katika ukurasa wa afya? Hapa Singida kaya nyingi zinafuga mbwa. Anachunga mbuzi mchana, analinda nyumba usiku, na watoto wanacheza naye. Akiugua, familia nzima inaguswa.

Baadhi yenu mmesikia kwamba siku hizi mbwa aliyepooza hutibiwa kwa seli shina, nanyi mmetuuliza kama ni kweli. Tuanze hapo.

1. Mgongo wa mbwa

Mgongo wa mbwa, kama wetu, umejengwa kwa pingili. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, yaani kipande cha gegedu kinachozuia mifupa isisuguane. Juu yake unapita mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Diski ikikauka na kupasuka, hubana mshipa huo. Mbwa hulia akiguswa mgongo, hupepesuka, na mwisho huburuta miguu ya nyuma.

Ugonjwa huu huwapata zaidi mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi, kama wale wa Kijerumani waitwao dachshund. Mbwa wetu wa kienyeji, wenye miguu mirefu, hawamo katika kundi hilo.

2. Tiba ya seli

Seli shina ni seli changa ambazo bado hazijashika kazi maalumu mwilini. Wataalamu huzitoa katika mafuta au uboho wa mbwa, huzikuza maabara, kisha humdunga mgongoni wakitumaini zitasaidia kuponya.

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza jaribio la aina hiyo kwa mbwa 34 waliopooza kwa kuumia mgongo. Hawakutumia seli shina hasa, bali seli za ndani ya pua zinazosaidia neva kuota upya. Mbwa 23 walidungwa seli zao wenyewe. Waliobaki walidungwa kimiminika kisicho na seli. Baadhi ya waliopata seli waliweza tena kutembeza miguu ya nyuma ikifuatana na ya mbele. Lakini mawasiliano na ubongo hayakurudi, na wengi hawakuweza tena kuzuia mkojo.

Basi, habari hiyo ni ya kweli, lakini tiba hiyo bado ni ya majaribio. Tiba ya kawaida ya diski ni kumfungia mbwa apumzike kwa wiki kadhaa, dawa za maumivu na, ikibidi, upasuaji. Msimpe mbwa vidonge vyenu vya maumivu; vinaweza kumuua.

3. Kwetu, tufikiri kwanza kichaa cha mbwa

Mbwa anayeburuta miguu huenda amegongwa na gari au amepigwa. Lakini pia huenda ana kichaa cha mbwa. Wengi wanadhani mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali na kung'ata ovyo. Sivyo. Yuko anayekuwa mpole, akajificha, akalegea miguu, taya likaning'inia na udenda ukamtoka. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu virusi vimo katika mate.

Kwa hiyo mbwa akipooza ghafla:
- Msimbebe, wala msimfungue kinywa.
- Waondoeni watoto karibu naye.
- Mfungieni mahali peke yake, kama inawezekana bila kumgusa.
- Mwiteni mtaalamu wa mifugo. Akifa, msimchune wala msimpasue.

4. Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kidonda

Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Msipake pilipili, mafuta wala majani. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa. Zimalizeni zote kwa tarehe mtakazopangiwa. Mama mjamzito naye huchanjwa.

Msingoje dalili. Zinaweza kuchelewa kwa wiki au miezi, na mtu akianza kuogopa maji, sisi wauguzi hatuna dawa ya kumponya. Lakini akioshwa jeraha na kuchanjwa mapema, anaokoka.

5. Kinga

Mpelekeni mbwa wenu achanjwe kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Sindano hiyo moja ina faida kubwa kwa kaya zetu kuliko tiba za mbali tunazozisikia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mbwa wetu alichanjwa lini mara ya mwisho?
2. Mtoto akiumwa na mbwa akiwa machungani, anajua la kufanya?
3. Sabuni na maji ya kuosha jeraha viko wapi hapa nyumbani?